Mgeni Ananawa Mikono

Kazini walimwita Pekeyangu, na hakuna aliyemwonea. Alikuwa fundi wa meno bandia, hodari kwa kweli, lakini kila alichofanya ilikuwa lazima utangaziwe kwamba amekifanya bila msaada. Nimepaka nyumba rangi peke yangu. Nimehama peke yangu. Mkewe, ambaye siku ya kuhama ndiye aliyebeba magodoro, alikuwa akiyasikia hayo na kuendelea kukoroga chai yake.

Mwaka jana alitangaza kwamba ataivuka safu nzima ya milima kwa miguu, peke yake bila shaka. Alirudi kabla hajafika nusu, akichechemea. Goti, alisema. Asubuhi lilikuwa la kulia, jioni likawa la kushoto, lakini wenzake walikuwa watu wa adabu na hawakuuliza.

Ukweli ni huu. Juu kabisa kwenye ukingo wa mlima kuna jiwe bapa ambalo wapita njia hukalia kupumzika. Pekeyangu alikaa hapo, akatoa mkate, na kabla hajatafuna vizuri akasikia nyayo nyuma yake. Bila kugeuka akasema, "Karibu," kama asemavyo yeyote aliyelelewa na watu.

"Starehe," sauti ikamjibu kwa upole.

Akageuka. Njia ilikuwa tupu huku na huku, hakuna hata kichaka cha kumficha sungura. Aliuacha mkate palepale jiweni akateremka mbio, na hakusimama mpaka alipoona paa la bati. Baadaye alijiambia ulikuwa upepo. Basi upepo huo ulikuwa na adabu kumshinda yeye.

Sasa alitaka kurudi amalize, maana kuna mtu ofisini alianza kumwita Goti.

"Nenda na kaka yangu basi," mkewe alimwomba akimfungia chupa ya maji.

"Kaka yako? Yule anayehema akifunga kamba za viatu?"

"Nenda na mtu yeyote. Mwaka jana ulilala na taa wiki nzima."

"Mke wangu, mimi sihitaji mtu."

"Najua. Uliniambia siku ya harusi."

Alifika kwenye lile jiwe mchana, jua likiwaka. Mkate wake wa mwaka jana ulikuwa bado pale, umekauka mzimamzima. Sisimizi walikuwa wamepita kandokando yake wala hawakuugusa. Mtu mwenye akili angeendelea na safari. Yeye alikaa, akatoa mkate mpya na yai la kuchemsha, akapaza sauti kama mlevi anayetafuta ugomvi.

"Haya! Karibu!"

"Starehe," sauti ikasema, karibu kidogo kuliko mwaka jana.

Nywele zilimsimama, lakini kiburi chake kilikuwa kimeshasimama kabla ya nywele. "Aa, acha maringo! Nimesema karibu. Njoo ule!"

Hapo ndipo alipoharibu. Kila mtu anajua: ukikaribishwa mara ya kwanza unasema starehe, kwa adabu tu, na mwenye chakula anaendelea kula kwa amani. Ukisisitiziwa, unanawa.

Akasikia maji yakimiminika. Kule juu hakuna kijito, na chupa yake ilikuwa imefungwa begani, lakini maji yalimiminika, mikono ikasuguana taratibu, ikakung'utwa, na harufu ya sabuni ikamjia puani. Alipotazama chini, ule mkate mpya ulikuwa umeng'atwa. Sasa, huyu alikuwa ameangalia alama za meno maisha yake yote. Safu ya juu ni pana, ya chini ni nyembamba; hata mtoto wa fundi anajua hilo. Kwenye mkate ule safu zote mbili zilikuwa za juu.

"Mkate mzuri," sauti ikasema.

Angekimbia, nami ningemheshimu. Lakini kwa woga mdomo wake ulitoa utani wa kwanza uliokuwa karibu. "Ungemwona bosi wangu anavyokula, ungehama mlima."

Sauti ikacheka. Kicheko kinene, cha kweli, cha mtu aliyefurahi. Ofisini hakuna aliyekuwa amecheka utani wake tangu lini sijui, na mjinga yule akaona kumbe kuwa na mwenzi si vibaya hivyo.

Wakaendelea pamoja, nyayo zikimfuata nyuma, hatua kwa hatua. Akamsema bosi. Akamsema shemeji yake na kamba zake za viatu. Akawasema wateja wanaolia kabla hawajaguswa. Mwenzake alicheka panapostahili, akauliza maswali mazuri, akasema "kweli kabisa" na "wewe ndiye unayewajua." Yule asiyehitaji mtu alijikuta anapunguza mwendo ili mwenzake asichoke.

"Na nyumbani kuna nani?"

"Mke tu."

"Anakaribisha watu?"

"Yule?" Akacheka kwa dharau. "Yule anakaribisha hata wazoa taka."

Nyayo zikasimama. Kisha zikaanza tena, haraka kidogo, zikampita ubavuni na harufu yake ya sabuni, zikageuza njia ya kurudi, na tangu hapo hazikuwa nyuma yake tena bali mbele, zikishuka kuelekea mjini, zikikata kona kabla yake, naye akizifuata kwa miguu iliyokataa kusimama, kwa sababu ndipo alipoelewa kwamba hakuna tena anayesindikizwa ila yeye, na kwamba kule chini, jikoni, mwanamke aliyemfungia chupa ya maji alikuwa anapika bila kujua ni nani anakuja.

"Basi, ndugu yangu," alisema walipofika barabarani. "Asante kwa kampani. Tuagane hapa."

"Tuagane vipi? Hatujala bado."

"Umekula mkate wangu!"

"Ule tulionja tu."

Angeweza kupita nyumba yake na kuendelea kutembea, usiku kucha, mwaka mzima ikibidi, akimpeleka mgeni wake mbali na mlango ule. Wazo hilo lilimjia pale getini, nakiri. Halafu akakumbuka maji ya moto ya kuoga. Akatoa ufunguo, akapanga kuingia kimyakimya bila kupiga hodi, ili mkewe asipate la kuitikia. Mpango wa mtoto aliyevunja kikombe.

Ufunguo ulikuwa unazunguka tunduni, taratibu, alipoisikia sauti yake mwenyewe, nzuri na changamfu kuliko alivyowahi kuitumia nyumbani.

"Hodi!"

"Karibuni!" mkewe akaitikia kutoka jikoni.

Akaingia mbio, akamkuta anaweka sahani ya tatu mezani. Uso wake uling'aa kwa furaha, na hilo lilimuumiza kuliko yote.

"Nimesikia nyayo za watu wawili," mkewe alisema. "Umepata mwenzio! Siamini."

"Umesema karibuni," alinong'ona. "Kwa nini umesema karibuni? Mwambie atoke. Mwambie ulikosea."

"Nimfukuze mgeni mlangoni? Una nini wewe?"

"Nakuomba. Tafadhali, mke wangu." Hakuwahi kumwomba kitu, na hakujua namna, akavuta kiti akakaa.

Koridoni bomba lilifunguliwa. Maji yakamiminika, mikono ikasuguana taratibu, na harufu ya sabuni ikaingia chumbani.

"Angalau yeye ananawa," mkewe alisema, akimtazama vidole. "Wewe umekaa mezani na vumbi lote la njia." Kisha akageukia koridoni, akapaza sauti kwa ukarimu ule ambao mumewe aliucheka. "Shemeji! Taulo liko nyuma ya mlango. Njoo ule, usione haya!"

Bomba likafungwa.