Pumzi Chini ya Sakafu

Mama Mishumaa aliyeyusha nta mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri. Jiko lake lilikuwa ghorofa ya juu. Aliweka nta katika sufuria kubwa, akaitia marashi ya waridi, kisha akaimimina katika kalibu zenye tambi za mishumaa. Alipomaliza, aliosha sufuria kwa maji ya moto sana. Mabaki ya nta yaliyeyuka, yakapita kwenye sinki, yakaenda zake. Alijivunia usafi huo. Hakuna sufuria yake iliyowahi kulala chafu.

Chini ya jiko hilo kulikuwa na chumba kilichozama nusu ardhini, kwa maana nyumba ilijengwa kwenye mteremko. Mlango wake ulitazama uani na haukuwa na ngazi hata moja. Ndiyo sababu baba mkwe wake aliishi humo. Mzee huyo alikuwa fundi saa mstaafu, na miguu yake ilikuwa imechoka kupanda. Alikuwa na kitanda, meza ya kazi, na saa ishirini na tatu ukutani. Katikati ya sakafu kulikuwa na tundu la kutolea maji, lenye wavu wa chuma. Watu walilipita bila kulitazama.

Jumatatu mchana, Mama Mishumaa alishuka kuchukua sahani ya mzee. Chakula kilikuwa hakijaguswa. Kilikuwa hivyo hivyo jana yake.

"Baba, nimetia chumvi nyingi?"

"Chakula hakina kosa, mwanangu. Keti kidogo."

Aliketi. Mzee aliinamisha kichwa, akanong'ona kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenziwe.

"Mama wa mumeo anakuja humu."

Mama mkwe wake alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita.

"Anakuja vipi, baba?"

"Kutwa mara mbili. Kwanza anakohoa kidogo, kama alivyokohoa kila alipotaka kuniita. Kisha anavuta pumzi. Halafu nasikia marashi yake ya waridi." Mzee akamsogezea daftari. "Soma. Fundi saa hapokei mgeni bila kuandika saa."

Mistari ilikuwa imenyooka. Saa nne na dakika saba asubuhi. Saa kumi na dakika kumi na mbili jioni. Saa nne na dakika nane. Saa kumi na dakika kumi. Siku sita mfululizo.

"Ananiita," mzee akasema kwa utulivu. "Mtu anayeitwa huko, chakula cha huku hakimpiti kooni."

Mama Mishumaa alitaka kucheka. Badala yake akamrudishia daftari, akachukua sahani.

Siku ya pili, aliosha sufuria haraka, akatoa kizibo cha sinki, akateremka mbio. Alimkuta mzee ameketi kitandani, amevaa shati lililopigwa pasi na viatu vyake vya safari. Saa zote ishirini na tatu zilikuwa zikihesabu. Wawili hao walisubiri.

"Kho," likasema tundu.

Kisha ikaja pumzi. Ilikuwa ndefu, nzito, yenye unyevu. Wavu wa chuma ulitetemeka. Harufu ya waridi ikajaa chumbani, na chini ya waridi hilo kulikuwa na harufu ya kitu kilichooza. Mama Mishumaa aliinama. Maji meusi yalikuwa yamepanda hadi ukingoni. Juu yake vilielea vipande vyeupe, vyembamba, vilivyopinda kama kucha za mtu. Kisha maji yakashuka polepole, yakavichukua vyote.

"Umeona?" mzee akauliza. Alikuwa akitabasamu.

Mama Mishumaa alimpigia simu mumewe, dereva wa lori, aliyekuwa safarini.

"Lizibe hilo tundu," mumewe akasema. "Aliyezibwa mdomo ataita vipi?"

"Usinifanyie mzaha. Baba ana siku ya tatu anakunywa chai tu. Anakonda nikimwona."

"Sifanyi mzaha, mke wangu. Lizibe."

Basi alilijaza matambara, akayashindilia kwa mpini wa ufagio. Juu yake aliweka jiwe bapa alilolitoa uani.

"Unamfungia mlango mama mkwe wako?" mzee akauliza.

"Nakutafutia hamu ya kula, baba."

Mzee hakula.

Jumatano asubuhi, Mama Mishumaa aliwasha mashine ya kufulia, kisha akaosha sufuria zake. Aliposhuka, alisikia mkwaruzo kabla hajafika mlangoni. Alisimama kizingitini, akatazama.

Jiwe lilikuwa likisogea.

Hakuna aliyeligusa. Lilisogea kidogo, likatulia, likasogea tena. Kisha likainuka upande mmoja kama kifuniko cha chungu, na matambara yakachomoza kama ulimi. Maji meusi yakafurika sakafuni. Yalizunguka viatu vya mzee. Yeye hakuinua mguu.

"Niko tayari," akasema, lakini hakuwa akisema na mkwe wake.

Chini ya kitanda kulikuwa na waya wa umeme wenye soketi, uliolala sakafuni. Maji yalikuwa yakielekea huko.

"Baba! Toka!" Mama Mishumaa akapiga ukelele, akanyanyua mguu aingie.

"Usikanyage hayo maji!"

Sauti ilitoka uani. Alikuwa jirani yao, mwanamke wa miraba minne aliyefanya kazi ya ufundi bomba. Mtaa mzima ulimwita Zibua.

"Swichi kuu iko wapi?"

"Ukutani, nje, kando ya ngazi ya kupandia jikoni."

"Pamekauka? Kaizime kwanza. Umeme na maji ni maharusi wabaya."

Mama Mishumaa akaizima. Mashine ya kufulia ilinyamaza juu. Zibua aliingia na buti zake za mpira, akambeba mzee mgongoni kama gunia la pamba, akamketisha uani.

"Fundi, unanichelewesha," mzee akalalamika.

"Safari ipi hiyo, mzee, unayokwenda na viatu vilivyolowa?" Kisha Zibua akamgeukia Mama Mishumaa. "Kuanzia sasa, hakuna kufungua bomba hata moja juu. Hakuna kuosha wala kuvuta maji ya choo. Tundu hili ndilo la chini kabisa katika nyumba. Kila tone unalomwaga jikoni linateremka. Likikosa njia ya kutoka, linatokea huku."

"Nami nililiziba!"

"Wengi huliziba. Maji hayaghairi safari. Yangekosa hapa, yangetokea bafuni."

"Nilifikiria pia kumwaga asidi."

"Ungeunguza mapafu ya mzee, na kizuizi kingebaki kinakucheka."

Zibua alifunua chemba, yaani shimo la ukaguzi ambamo bomba la nyumba lilipitia uani. Walichungulia pamoja. Ilikuwa kavu.

"Tazama. Ndani mmefurika, hapa hakuna tone. Kizuizi kiko katikati, chini ya sakafu. Sauti ilianza lini?"

Mzee alitoa daftari mfukoni mwa shati. Zibua alilisoma, midomo ikichezacheza. Alilisoma tena.

"Mama Mishumaa, saa nne asubuhi huwa unafanya nini?"

"Naosha sufuria."

"Na saa kumi jioni?"

Mama Mishumaa alifungua kinywa. Alitazama dirisha la jiko lake, kisha mlango wa chumba cha mzee, kisha mikono yake mwenyewe.

"Naosha sufuria," akasema. "Kwa maji ya moto, ili nta isigande."

"Haigandi kwenye sinki. Inaganda mbele, ndani ya bomba baridi. Leo utando, kesho utando, hadi njia ikabaki ya sindano."

Zibua alivaa glavu, akaingiza waya mrefu wa kuzibulia kutoka upande wa chemba. Aliuzungusha na kuusukuma. Waya ulikwama. Aliuzungusha tena, akavuta kwa nguvu zake zote.

Kitu cheupe kikatokeza mdomoni mwa bomba.

Kilikuwa kirefu kama mkono wa mtu mzima. Kilipinda mahali pa kiwiko. Kilikuwa laini na cha rangi ya maiti, na kilinukia waridi. Mama Mishumaa alirudi nyuma hatua mbili. Nyuma yake, ndani ya nyumba, maji yaliguna kwa sauti nene, kisha yakapita chembani kwa kishindo.

Mzee alinyoosha kidole, akakigusa kile kitu.

"Ni baridi," akasema.

"Ni nta, mzee. Imechukua umbo la bomba."

"Na kile kikohozi?"

"Hewa. Maji yalipoteremka, yaliisukuma, nayo ikatokea kwako. Marashi ni ya mishumaa."

"Lakini kilikuwa kikohozi chake."

Zibua alikuwa mtu wa mzaha, lakini hapo hakutania. Alifuta waya wake taratibu.

"Kikohozi chake bomba halikijui, mzee. Hicho kilitoka moyoni mwako."

Kazi ya usafi ilichukua siku mbili. Mama Mishumaa alivaa glavu na buti, akatupa zulia lililolowa. Aliosha sakafu na kuta za chini kwa sabuni, akasuuza, kisha akapaka dawa ya klorini iliyochanganywa na maji.

"Usiichanganye na dawa nyingine yoyote," Zibua alimwonya. "Mvuke wake unaua. Acha milango wazi, pakauke kabisa. Umeme usiwashwe humo kabla fundi umeme hajaukagua." Siku hizo mzee alilala nyumbani kwa Zibua, katika chumba kisicho na ngazi. Alikunywa chai, akashukuru, akarudisha sahani zikiwa zimejaa.

Jikoni, utaratibu ulibadilika. Sufuria ilipokuwa bado vuguvugu, Mama Mishumaa aliifuta kwa gazeti kuukuu hadi ikang'aa, na gazeti likaenda kwenye pipa la taka. Mafuta ya kukaangia nayo yalikoma kumwagwa kwenye sinki. Waya wa umeme wa mzee ulitundikwa ukutani. Kila wiki, ndoo ya maji safi ilimiminwa katika tundu la sakafu, kwa sababu kona ya bomba lake isipokuwa na maji, hewa chafu hupanda. Mumewe aliporudi na kusikia habari zote, alijikuna kichwa.

"Kumbe nilikushauri upumbavu."

"Kumbe," mkewe akasema.

Jumamosi, mzee alirudi chumbani kwake. Saa nne kasorobo, Mama Mishumaa alifuta sufuria, akaisuuza, akashuka. Mzee alikuwa ameketi kitandani, shati limepigwa pasi, macho kwenye wavu. Mama Mishumaa aliketi kando yake.

Ikafika saa nne na dakika saba. Ikafika saa nne na dakika nane. Saa zote ishirini na tatu za ukutani zilihesabu. Tundu lilikuwa jeusi, kavu ukingoni, na halikusema neno. Ikafika saa nne na robo.

"Hajaja," mzee akasema.

"Hajaja, baba."

Mzee alivua kiatu kimoja. Akakaa nacho mkononi muda mrefu. Kisha akavua cha pili, akavipanga chini ya kitanda.

"Basi hakuwa ananiita."

"Hapana, baba."

"Niletee chakula, mwanangu. Nawe ukae hapa mpaka nimalize." Alitazama tundu mara nyingine, akavuta miguu yake kutoka sakafuni. "Kimya hiki kinanitisha kuliko ile pumzi."

Alimletea. Akakaa naye. Mzee alikula sahani nzima bila kuinua uso, kisha akaomba nyingine.