Fundi Kilio na Gauni la Harusi

Fundi wetu wa nguo alikuwa analia kazini. Hakulia kwa sauti. Alikaa kwenye cherehani, feni mbele ya uso wake, machozi yakimtiririka. Watu wakampa jina: Fundi Kilio.

Aliyeaibika zaidi ni mke wake. Akipita, majirani walimtazama kwa jicho la pembeni.

"Mume wangu, nenda kliniki," alisema. "Watu wanadhani ninakupiga!"

"Ni vumbi la vitambaa tu," fundi alijibu. Kwa ubishi, mtu huyu hana mfano.

Lakini macho yalimkereketa kama yametiwa mchanga. Akishona muda mrefu, aliona ukungu. Siku moja alikuwa anashona gauni la harusi, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Mama wa bibi harusi akaingia kulitazama. Fundi akainuka kumsalimia. Gauni nalo likainuka! Alikuwa ameshona mkono wa gauni pamoja na mkono wa shati lake.

Mama yule hakucheka hata kidogo. "Nasikia jana ulililia gauni la mwanangu, leo unataka kulivaa? Machozi kwenye gauni la harusi ni mkosi! Nitarudi baada ya wiki moja. Nikikukuta unalia, nampa fundi mwingine."

Fundi aliogopa kwelikweli. Siku hiyohiyo akaenda kliniki na mkewe. Muuguzi wa macho akampima.

"Baba, una ugonjwa wa macho makavu."

"Makavu? Binti yangu, si unaona shati lilivyolowa?"

"Jicho likikauka, linaumia. Likiumia, linamwaga machozi ya majimaji. Hayo hayakai, yanatiririka tu, na jicho linabaki kavu vilevile. Feni yako iko wapi?"

"Mbele ya uso."

"Na ukishona, unapepesa macho?"

"Nikipepesa, mshono utapinda!"

"Umemsikia?" mke akadakia. "Hata kope zake ni bishi!"

Muuguzi akacheka. "Geuza feni isikupige usoni. Pepesa macho mara kwa mara, uyafumbe kabisa. Kila dakika ishirini, acha kushona, utazame mbali. Tumia matone haya ya kulainisha macho kama nilivyokuandikia. Usiazime dawa ya jirani. Macho yakiuma sana au yakizidi kuona vibaya, rudi haraka."

Fundi akageuza feni. Mke akaweka kiti mlangoni, akawa msimamizi.

"Pepesa!" alipaza sauti. Fundi akapepesa. Hata muuza viatu wa jirani akapepesa.

Wiki ikaisha. Macho yalikuwa bado yanamkereketa kidogo, lakini ukungu ulikuwa umepungua, na mshono ulinyooka. Mama yule akaja na binti yake. Binti akavaa gauni, akatoka nyuma ya pazia. Lilimkaa barabara.

Mama akamtazama mwanawe. Machozi yakaanza kumtoka.

Fundi, safari hii macho makavu kwa maana nzuri, akamsogezea kitambaa.

"Taratibu, mama," alisema. "Usilidondoshee gauni. Ni mkosi!"