Mpira wa Nne

Sauti ya mpira ilianza siku ya tatu, na kompyuta ile, wajukuu zangu, haikuwa na spika.

Ilikuwa ya mjane mmoja mchapaji, aliyechapa barua za watu sebuleni kwake. Binti yake, waliyemwita Kitinda, aliugua kifua na kushinda mkekani kando ya meza. Ili asichoke kulala, mama akamwekea mipira: mashine ikikaa bila kuguswa, kioo kinakuwa cheusi na mipira inadundadunda humo. Hakukuwa na vitufe vya kuchagua. Yote aliyaandika kwenye mstari mmoja wa amri. Idadi, tatu. Rangi: mwekundu wake, mweupe wa mama mkwe wake waliyeishi naye, wa njano wa Kitinda.

"Wangu uwe mzito," mama mkwe akasema. "Mimi si wa kurukaruka."

"Mama, utanivunjia kioo," mchapaji akamjibu.

"Wangu usichoke," Kitinda akasema.

Basi kwenye mstari ule, penye nafasi ya mipira kuchoka, mama akaandika sifuri. Mipira ikawa haisimami.

Siku ya tatu, alasiri, ikasikika: du, du, du. Kimya. Du, du, du. Mama mkwe alikuwa jikoni anachambua mchele, sebule kaipa mgongo, na mtu aliyelelewa vizuri akisikia hodi hana jibu jingine.

"Karibu," akasema. "Pita ndani."

Nyumba ikajaa harufu ya jivu lililomwagiwa maji. Mchapaji akatazama kioo: mipira ilikuwa minne. Wa nne ulikuwa mweusi kama kioo chenyewe. Ulionekana tu pale ulipoiziba mingine. Nao haukudunda. Uliufuata ule wa njano.

Kila ulipougusa, Kitinda alikohoa. Mama yake akachomoa waya, kioo kikafa, lakini du, du, du ikaendelea, si mezani tena, ila mkekani, na alipoinama na kuweka sikio juu ya kifua cha mwanawe aliisikia humo ndani, inapiga ukuta huu na kurudi ukuta ule, bila haraka, kama mtu anayepima chumba anachotaka kuhamia.

Mganga alipoitwa aliishia mlangoni.

"Huyu kaingiaje?" akanong'ona.

"Alibisha hodi," mchapaji akasema.

"Nani kamwambia karibu?"

"Mimi," mama mkwe akasema. "Nilidhani ni mteja wa barua."

Mganga akarudisha miguu kwenye viatu vyake. "Mimi natoa wavamizi, mama. Mgeni wenu simtoi."

Mchapaji hakumsindikiza. Alichomeka waya, akafungua ule mstari wake wa amri, akakuta tatu yake imekuwa nne na rangi zimefutika, na mkono ulioyafanya hayo haukuwa wake wala wa mtu yeyote wa nyumba ile. Akaifuta ile nne, akaandika tatu, akabonyeza, na mashine ikatii.

Du, du, du ikakatika.

"Ametulia," mama mkwe akanong'ona kutoka mkekani. "Hata kikohozi kimeacha."

Mchapaji hakugeuka. Alikuwa ameandika ibaki mingapi, hakuandika ibaki ipi. Kiooni ulipanda mpira mwekundu, ukashuka mweupe, wa njano haukuonekana popote, na katikati yake kikapita kitu kilichoiziba yote miwili kwa zamu, ambacho sasa kilikuwa kinadunda, na hakikuchoka.