Mtungi Usio na Mwenyewe

Anania aliruka ukingo wa shamba la mihogo, bastola ya Browning mkononi.

Hatua thelathini mbele yake alikimbia Dadi, mtega mabomu wa kukodiwa, mgeni kutoka mji wa mbali. Hapo Mabamba mpaka wa Burundi ulikuwa mita mia mbili tu.

Dadi alitupa begi ili awe mwepesi. Akavuka mto wa mpakani, akapotelea ng'ambo.

Anania hakumfuata. Alichotaka ni begi.

Ndani yake mlikuwa na kompyuta ndogo, Toshiba. Chaja haikuwemo, na hata ingekuwemo, umeme angeutoa wapi?

Redio yake ya Motorola ikakoroma kiunoni.

"Anania, hapa Khatibu, Kibondo. Umempata?"

"Nimepata mashine yake."

"Basi ifungue, ndugu yangu. Leo kuna harusi nne za wakimbizi, kuanzia hapa hadi Kasulu. Bomu liko kwenye moja, linalipuka saa sita. Sasa ni tano na dakika ishirini. Nina gari moja na fundi mmoja. Niambie ni harusi ipi!"

Tuseme ukweli tu: jasusi huyu asiyeogopa risasi alikuwa anaogopa kuwasha kompyuta.

Mwaka uliopita, 1996, kule Kasanda, alishika mashine ya namna hiyohiyo, yenye siri ya bomu jingine, betri yake ikikaribia kukata roho. Esteri, mtaalamu wa kompyuta wa idara, alimwambia redioni: "Usiingie Windows, kaka. Inakula betri. Ingia DOS, ile ya maandishi tu, punguza mwanga."

Anania akamwona ni binti wa kujifanya mjuaji. Yeye alizoea picha na kipanya. Sikio la kufa halisikii dawa. Windows 95 ikaanza kuamka taratibu, diski ikisaga, kioo kikimeremeta kwa mwanga wote, na alama ya saa ya mchanga ikazubaa katikati. Kisha giza. Bomu likalipuka sokoni, watu kumi na mmoja wakafa, na Esteri, aliyekuwa hukohuko na redio yake, alikuwa mmoja wao.

Tangu siku hiyo sauti yake haijamwacha. Humjia akinyoa ndevu. Humjia kanisani, katikati ya sala.

Ikamjia na sasa.

Punguza mwanga, kaka.

Akawasha. Taa ya betri ikaanza kukonyeza, nyekundu. Dakika nne, tano akibahatika.

Kabla Windows haijashika hatamu, akagonga F8. Orodha ikatokea. Akachagua DOS tupu: hakuna picha, hakuna kipanya, hakuna mbwembwe. Akashusha mwanga hadi herufi zikafifia, akajifunika koti kichwani ili jua lisimzuie kusoma.

Baada ya sekunde kumi na tano mashine ilikuwa tayari. Windows ingekuwa bado inajikuna.

Akaita faili. Diski ikazunguka kidogo, ikatulia. Ukurasa wa kwanza, nyaya. Wa pili, nyaya. Wa tatu, nyaya na betri. Jasho likamdondokea kwenye vitufe.

Wa nne: *Harusi ya Murungu. Saa sita. Mtungi wa pombe.*

Akabonyeza ukurasa wa tano. Kioo kikazima.

"Khatibu! Murungu! Limo ndani ya mtungi wa pombe!"

"Naenda. Lakini mtungi upi? Pale patakuwa na mitungi ishirini!"

Anania alizaliwa na wazazi waliovuka mpaka huu huu. Harusi za kwao alizijua.

"Muulize msemaji wa wakwe. Kwetu mtungi hauingii kimya. Lazima mtu asimame aseme nani kautoa, na kwa nini. Muulize upi umeingia bila neno. Dadi hawezi kulijua hilo."

Kisha akangoja. Dakika kumi. Ishirini.

Redio ikafunguka. Nyuma ya Khatibu alisikika mzee, yule msemaji wa wakwe, akifoka:

"Ni ule wa kona, mwananje, mwanangu! Nilisema mimi, ule hauna mwenyewe! Wakaniambia, mzee Fidele, nyamaza!"

Redio ikakatika tena.

Saa sita kasoro tatu.

"Waya umekatwa," Khatibu akasema, akihema. "Watu mia mbili, Anania, wote wazima. Bibi harusi analia tu. Kaka, kwa leo umeifuta Kasanda."

Anania alifuta jasho kwenye vitufe.

"Esteri alikuwa aolewe mwezi ule," akasema. "Aliniomba mtungi wa kwanza niusemee mimi. Nilikuwa nimeshayapanga maneno."

Anania akafunga kompyuta, akaitia kwapani. Akarudisha Browning kiunoni, akashika barabara ya Kibondo kwa miguu, bila haraka.