Wageni wa Kiwanja

Nakala zilitoka masjala zikiwa kavu. Zilipofika mezani kwa baba mdogo, ya pili ilikuwa imelowa na inanuka kama gogo la mchinja nyama. Fundi cherehani aliipangusa, akadhani ni jasho la kiganja chake.

Wiki nzima alikuwa akifukua ukoo wao. Ofisi ya ardhi ilikataa kutoa hati ya nyumba mpaka wathibitishe kuwa ni kizazi cha mtu wa kwanza kuandikishwa pale kiwanjani, na baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yake, alijua jina la babu yake tu, basi. Jina hilo fundi alilikuta mara mbili kwenye daftari la kodi. Mwaka wa kwanza karani aliandika: mrefu, hana kidole cha mwisho mkono wa kushoto. Mwaka uliofuata, jina lilelile, nyumba ileile: mfupi, vidole vyote vizima.

"Kidole hakioti, baba mdogo," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu wa pili alichukua jina la mwenzake. Na nyumba yake."

Baba mdogo alikuna kidevu. Akasema yaliyopita si ndwele, apeleke nakala ya kwanza tu. Ya pili akaichana.

Pakatokea mlio wa kucha zinazokwaruza chini ya sakafu, adhuhuri ya jua la utosi, ukapanda mguu wa meza, na kabla baba mdogo hajauondoa mkono wake wa kushoto kitu kisichoonekana kiliudaka, kikaukandamiza mezani, kikakipinda kidole cha mwisho kinyumenyume taratibu, kama mtu anayevunja muwa, mpaka mfupa ukaalika na ngozi ikachanika na kidole kikang'oka, damu ikaruka hadi ukutani. Mama mdogo alimrukia mumewe kumvuta. Yeye hakuguswa hata unywele. Kisha kikamgeukia fundi. Kilimnusa shingoni, kikamshika mkono, kikakivunja kidole chake cha mwisho, na hapo, akipiga yowe, akajua yeye ni damu ya nani.

Mganga aliyeitwa, mama mmoja mnene mwenye haraka, aliishia kizingitini.

"Mimi hufukuza wageni," alinong'ona. "Huyu ni mwenye nyumba. Wageni ni nyinyi. Andikeni ukweli, muondoke leo."

Mama mdogo alifunga mizigo. Baba mdogo, mkono umefungwa matambara, aligoma: amezaliwa humu, hahamishwi na maiti. Fundi akaenda ofisini peke yake, akaandika kwamba wao si kizazi cha mtu yule, karani akagonga muhuri.

Aliporudi kumchukua, jua bado lilikuwa juu. Baba mdogo alikuwa ameketi palepale, damu ikimchuruzika masikioni, taya limelegea upande mmoja.

"Shikamoo, baba mdogo. Twende."

Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa nzito, ngeni, tena ya upole.

"Karibu, binti. Umekuja kwa nani?"

"Kwa baba mdogo."

"Hapa hajapata kuishi mtu huyo."

Fundi alitoka kinyumenyume. Mama mdogo alikuwa katika kituo cha basi, amekalia furushi, amewashikia nafasi tatu kwenye foleni. Akauliza kama mumewe anakuja.

Fundi alibeba furushi kwa mkono uliobaki mzima, akamwambia wapande.