Anayeishi na Mzee Mughwai

Swali la nne lilijibiwa na mtu ambaye hakuwepo.

Klara, nesi wa mapokezi ya dharura, hakushtuka hapohapo. Nesi gani anashtuka saa sita mchana, benchi limejaa watu wanakohoa? Tena huyu Klara alikuwa na mdomo. Majini, alisema, ni ya watu wa pwani wenye muda. Yakija Singida yatakufa kwa vumbi. Haya, tumwangalie.

Mkononi alikuwa na karatasi ya wazee, maswali matano: umeanguka, unasahau, unakunywa dawa ngapi, unaishi na nani, nani anakupikia. Mzee akikwama kwenye mawili harudi nyumbani, analazwa. Maana mzee hufa kimyakimya. Homa haipandi, wala halalamiki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, binti."

Mzee Mughwai alikuwa ameletwa na bodaboda kutoka Mgori, ameanguka kando ya kisima. Alama moja. Hasahau. Dawa hana.

"Unaishi na nani?"

"Na mimi," ikasema sauti ya kijana.

Klara akaandika: ana mtu. Ndipo akainua kichwa. Pembeni ya mzee palikuwa patupu, ila pananuka sega la asali lililoungua.

"Nani kajibu, babu?"

"Mwenzangu." Mzee akatazama viatu vyake. "Alikuja mke wangu alipofariki. Ananipikia."

"Anakupikia nini?"

"Sijui. Nashiba tu."

Mdomo wa Klara ukakauka. Akavuta daftari. Mwezi ule wazee watatu walikuwa wameruhusiwa, wote wameandikwa wanaishi na mwenzao, na wote watatu walirudishwa wiki ileile wamefunikwa shuka. Akamfuata Anselm, tabibu wa zamu.

"Huyu asitoke," akanong'ona.

"Kwa alama moja? Kitanda nakitoa wapi?"

"Haishi na mtu."

"Basi aseme mwenyewe."

Klara akarudi, akachuchumaa mbele ya mzee. "Babu, sema unaishi peke yako. Ukitoka hapa leo hutafika kesho."

"Asiseme," ikanong'ona ile sauti, safari hii sikioni mwa Klara mwenyewe, karibu kiasi kwamba nywele za shingoni zilimsimama, na hakuthubutu kugeuka, maana alijua akigeuka atakiona kile ambacho mzee amekuwa akila nacho sahani moja miezi yote hiyo.

"Mwanangu Chrispin yuko Mwanza," mzee akasema polepole. "Tangu mavuno ya alizeti hajapiga simu. Binti, mtu akisema hana mtu, si amejitukana?"

"Nitakaa na wewe mimi. Nakuahidi."

Mzee akamtazama sana.

"Niko peke yangu," akasema.

Benchi likalia kama limeondolewa mzigo. Harufu ikakatika. Mzee akalazwa, akatundikiwa dripu, akashika kidole cha Klara kama mtoto.

Klara alikaa dakika kumi. Wakaletwa watu watatu wa pikipiki iliyogonga ng'ombe, damu mpaka mlangoni. "Narudi, babu," akasema, na kweli alirudi, lakini ilikuwa saa kumi, muda wa kuona wagonjwa, wodi imejaa ndugu na chupa za uji na vicheko vya chini kwa chini, akapenya katikati ya watu hao wote waliokuja kwa watu wao mpaka kitanda cha mwisho, akamkuta mzee amejibana ukutani, nusu ya godoro kaiacha, na shuka la nusu ile limetuna, linapanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala usingizi mzuri.

Kifua cha mzee kilikuwa kimetulia.

Mama aliyekuwa akimnywesha mumewe uji kitanda cha jirani akaweka kidole mdomoni.

"Taratibu, nesi, utamwamsha huyo kijana," akanong'ona. "Babu alikuita weee, hukuja. Ndiyo akamwita yeye."