Mikono Nyuma

Kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, Dorcas alikuwa ameshachota maji, ameshafagia uwanja na ameshabandika uji. Baada ya hapo ilibaki kazi ngumu kuliko zote, kumwinua mama yake kitandani. Alimshika kwapani, akakaza meno, akamvuta mpaka akasimama, kisha akamkokota hadi kwenye kiti cha mlangoni.

"Pole, mwanangu," mama alisema.

"Usijali, mama. Wewe kaa tu."

Ndivyo zilivyokuwa asubuhi zote tangu goti la mama lilipoanza kuuma. Mama alikuwa fundi hodari wa kushona pale Butimba, lakini sasa cherehani chake cha miguu kilikuwa kimefunikwa kanga, kimya. Dorcas, mwanafunzi wa darasa la sita, alifika shuleni amechelewa na kusinzia dawatini. Alikuwa amechoka, na si uchovu wa kuisha kwa kulala usiku mmoja.

Hospitalini walikuwa wamekwenda. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Bi Shamsha, alimfundisha mama kusimama kutoka kitini bila kushikwa, kunyoosha mguu akiwa ameketi, na kutembea kidogo kila siku. Waliporudi nyumbani, jirani yao Mama Shimba akatoa elimu yake, ambayo hakuna aliyemwomba.

"Mafuta ya goti yakiisha, yameisha," alisema. "Ukilitembeza, unamaliza hata hayo yaliyobaki!"

Dorcas akaamini. Kila mama alipojaribu kusimama aliguna kwa maumivu, na kila alipoguna, Dorcas alikuja mbio. "Acha, mama. Kaa." Mama, aliyekuwa anayaogopa maumivu, alikaa. Siku zikapita, na mguu ukazidi kulegea.

Ndipo ikaja simu kutoka Sengerema. Mama mkubwa Kashindye alisema kwamba mwisho wa mwezi angevuka kwa kivuko cha Kamanga kuja kumchukua mdogo wake Justa, ili akamuuguze huko kwake. Dorcas angebaki kwa ndugu amalize shule. Dorcas alilia siku hiyo. Hakutaka kutengana na mama, basi akazidi kumhudumia, na kumbe ndivyo alivyozidi kumharibu.

Siku ya kurudi hospitali ikafika.

"Mazoezi mnafanya?" Bi Shamsha aliuliza.

"Tunafanya, daktari," mama alijibu. Dorcas akaitikia kwa kichwa.

"Haya, mama, simama nikuone."

Mama hajakanyaga sakafu vizuri, mkono wa Dorcas ulikuwa tayari kwapani mwake, unavuta. Hakufikiri, mkono ulishazoea. Bi Shamsha akautazama.

"Kweli kuna kiungo kimefanya mazoezi hapa," alisema. "Lakini ni mkono wako, binti. Mguu wa mama bado."

Dorcas alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nilikuwa naogopa, daktari," alisema huku machozi yakimtoka. "Akisimama anaumia. Na mafuta ya goti yatakwisha."

Bi Shamsha hakumcheka. "Mngeniambia ukweli mapema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sikiliza: misuli ya paja ndiyo inayolisaidia goti kubeba mwili. Ikikaa bure inalegea, mzigo wote unaliangukia goti. Maumivu kidogo wakati wa mazoezi yasiwatishe. Lakini goti likivimba, au maumivu yakizidi mpaka kesho yake, punguzeni, mje mniambie. Na wewe, mama akisimama, mikono yako nyuma."

Lo, mikono nyuma! Kazi hiyo ilimshinda Dorcas kuliko kubeba ndoo. Nyumbani mama alijaribu kusimama, akatoka jasho, akarudi kitini puu. "Nisaidie jamani!" alilia. Dorcas alivishika vidole vyake mgongoni mpaka vikauma.

"Jaribu tena, mama," alisema.

Wakaenda hivyo, haba na haba, leo kidogo na kesho kidogo zaidi. Kuna siku walikata tamaa kabisa, wote wawili.

Mwisho wa mwezi mama mkubwa Kashindye akaingia uwanjani na begi tupu la kutilia nguo za mgonjwa. Mama, aliyeketi mlangoni, akainama mbele ili asimame.

"Justa, subiri nikushike!" mama mkubwa alipaza sauti, akakimbilia.

Dorcas akamzuia njiani. "Shikamoo, mama mkubwa. Naomba uweke mikono nyuma."

"Marahaba... nini?"

Mama akaguna, akasimama. Akatembea taratibu mpaka kwenye cherehani, akaondoa kanga, akaketi. Mama mkubwa alibaki mdomo wazi, begi mkononi.

"Dada, rudi na begi lako," mama alisema akicheka. "Mtoto huyu alinihurumia mpaka karibu aniue miguu, nami nikamdanganya daktari. Tumejifunza. Ukimfanyia mtu kila kitu unamdhoofisha, hata kama unampenda. Na tiba inataka jasho la mgonjwa mwenyewe, na ukweli wake."

Kisha akamgeukia Dorcas, akayaona macho yake mekundu.

"Nenda kalale, mwanangu. Chai ya mama mkubwa nitapika mwenyewe."

Dorcas akalala mchana kweupe, cherehani kikilia chumba cha pili.